Mtafiti Anayeingia Mtaani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Haya yanamhusu kila anayebisha hodi na dodoso mkononi, awe daktari, mtaalamu wa chakula au wa mipango miji.

USIJIFUNGIE katika fani yako. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 kati yao wakafa. Daktari aliona macho ya manjano na ini lililoharibika. Maabara iliona kuvu kwenye mahindi, na sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Lakini palihitajika pia mtu wa kuuliza habari za nyumba: mahindi haya yalilala wapi? Ikaonekana kwamba waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba walikuwa hatarini zaidi. Ghala, sufuria na wodi vilikuwa vinasimulia kisa kimoja. Daktari asiyeuliza habari za ghala atamtibu mgonjwa, kisha amrudishe kwenye gunia lilelile.

OMBA RIDHAA kwa lugha anayoielewa mwenye nyumba, tena umpe nafasi ya kukataa. Kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma si ridhaa. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliambiwa wanatibiwa “damu mbaya”, kumbe wanatazamwa tu jinsi ugonjwa unavyowala. Penisilini ilipopatikana miaka ya 1940, wakanyimwa. Waliofanya hayo walikuwa wasomi wenye vyeo na vibali.

USICHUKUE unga wa mama kwenye debe lake, ukakuta sumu, kisha ukasubiri makala ichapishwe. Rudi umwambie leo. Watoto wake watakula ugali jioni.

TAJA anayekulipa. Mwaka 1967 watafiti wa Harvard walichapisha makala iliyopunguza lawama ya sukari katika ugonjwa wa moyo na kuielekeza kwenye mafuta. Shirika la wenye viwanda vya sukari ndilo lililowalipa, na halikutajwa. Jambo hilo lilikuja kuwekwa wazi mwaka 2016, karibu miaka 50 baadaye.

USICHORE barabara ukiwa ofisini juu ya kibanda cha mama ntilie. Ukimwondoa, umebadilisha chakula cha vibarua wa mtaa mzima, na daktari atayaona matokeo kabla yako.

KETI na wenyeji kabla ya kushika kalamu. Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, ilipotangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na wakazi waliketi na vyuo vikuu na wataalamu wa afya, maji, nyumba na sheria, na wakazi wenyewe wakashiriki kukusanya takwimu. Nauheshimu sana mfano huo. Watu hawakusubiri kuulizwa maswali tu; walisema nini kiulizwe.

USIPIGE picha za watoto wa watu kando ya mtaro wa maji machafu ili kupamba ripoti. Wana wazazi.

USIFUNGE mradi kabla hujamkabidhi mwenyekiti wa mtaa matokeo: kurasa mbili, kwa Kiswahili, zikiwa na namba ya simu inayopokelewa. Yasome mbele ya mkutano, na maswali yatakapoanza, usitazame saa.