Kidonda cha Jumuiya Kisifungwe na Usaha Ndani

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara na chanjo za watoto. Safari hii tunazungumzia ugonjwa usioonekana kwa darubini ya maabara, lakini sisi wauguzi tunaukuta wodini: ugomvi kati ya Wakristo wa Jumuiya moja.

Mama mmoja alitufikia asubuhi na mtoto wa miezi 14 aliyeharisha na kutapika tangu jana yake. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, na tulipofinya ngozi ya tumbo ilirudi polepole sana. Tukamtundikia dripu haraka. Tulipomwuliza mama kwa nini hakuja usiku, alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Mwenye pikipiki ni kijana wa mhazini wetu. Hatusemezani."

Mhazini huyo ndiye aliyetunza pia mfuko wa wagonjwa wa Jumuiya. Waligombana juu ya mchango wa msiba wa shilingi 2,000. Mmoja alisema ametoa, mwingine hakuuona daftarini. Kwa miezi saba walipokea Komunyo Takatifu katika Misa moja bila kusalimiana, na kati ya nyumba zao kuna ua wa minyaa tu. Mtoto alipona, twamshukuru Mungu. Lakini usiku ule wa kungojea kupambazuke ungeweza kumwua. Mtoto anayeharisha apewe maji ya ORS na aendelee kunyonya. Akilegea au akishindwa kunywa, aletwe hospitali saa ile ile, hata usiku.

UGOMVI HUFANYA NINI MWILINI?

Mtu akikasirika, mwili hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio na shinikizo la damu hupanda. Hasira ikipita, mwili hutulia. Ndiyo maana kabla ya kumpima mtu shinikizo la damu tunamwomba akae kimya dakika 5. Lakini anayelala na kinyongo kila siku hukosa usingizi, na mwenye shinikizo la damu aweza hata kusahau dawa zake.

Hata hivyo, tusiisingizie hasira kila ugonjwa. Wengi husema vidonda vya tumbo huletwa na mawazo, kumbe vingi huletwa na bakteria au na dawa za maumivu zinazomezwa ovyo. Mwenye maumivu aje apimwe, asiambiwe tu akasamehe.

KIDONDA HUTIBIWAJE?

Jipu lililoiva halitibiwi kwa kufunikwa. Hutumbuliwa, husafishwa, kisha hupona kuanzia chini. Ugomvi nao ni hivyo. Tukiambiana "yaishe" bila kufungua daftari, ngozi hufunga juu na usaha hubaki ndani.

Mitume walilijua hilo. Tunasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, kwamba Wakristo wa lugha ya Kigiriki walinung'unika kuwa wajane wao wanasahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Haukuwa ugomvi wa mafundisho ya imani, bali wa chakula na wa "watu wetu, watu wenu". Mitume hawakuwaambia walalamikaji wanyamaze kwa ajili ya umoja. Waliita mkutano, wakataka wachaguliwe watu 7 wenye sifa njema. Majina ya hao saba, kuanzia Stefano na Filipo, yote ni ya Kigiriki. Yaonekana basi kazi iliwekwa mikononi mwa upande uliolalamika. Hapo amani ilikuja pamoja na haki.

NGAZI TATU

Mgonjwa huanzia zahanati, kisha kituo cha afya, kisha hospitali. Bwana Yesu naye alitupa ngazi katika Mathayo 18:15-17.

1. Nenda kwa ndugu yako, ninyi wawili peke yenu. Msiitane barabarani wala mbele ya watoto. Sema kilichokuumiza, kisha msikilize.

2. Ikishindikana, chukua mtu mmoja au wawili wanaoaminiwa na pande zote.

3. Ikishindikana tena, lipelekeni kwa Kanisa: viongozi wa Jumuiya, halmashauri ya parokia, paroko.

Wengi wetu huanzia juu. Twamwandikia Askofu barua isiyo na jina kabla ya kupiga hodi kwa jirani, au twalianzisha jambo kisimani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1446, yawahimiza waamini wote, na kwanza maaskofu, kuepusha mashtaka na kuyamaliza mapema kwa amani, bila kuvunja haki.

Lakini dharura haifuati ngazi. Kupigwa, kubakwa au mtoto kudhulumiwa si ugomvi wa kusuluhishwa Jumuiyani. Aliyeumizwa aletwe hospitali mara moja, na polisi waarifiwe. Dawa ya kuzuia maambukizo ya VVU yapasa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Anayesema "tuyamalize nyumbani" humnyima ndugu yake tiba.

WALE JIRANI WAWILI

Siku ya tatu mhazini alikuja wodini na chupa ya uji. Walichoambiana hatukukisikia. Baadaye mzee mmoja wa Jumuiya aliketi nao na daftari. Mchango ulikuwa umeandikwa kwa jina la mume, ukurasa wa pili. Hakuna aliyekuwa mwizi, na hakuna aliyekuwa mwongo. Sasa kila anayetoa hupewa stakabadhi, na mfuko wa wagonjwa unatunzwa na watu wawili ili usiku apatikane mmoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Mtoto wa nani hapa kwetu angechelewa kufika hospitali kwa sababu ya ugomvi?

2. Daftari letu la michango husomwa mbele ya wote lini?

3. Ni nani kati yetu anayengojewa apige hodi kwanza?

Mungu awabariki, na awajalie afya ya mwili na ya roho.