Somo la Afya: Mlaji Ajikingeje Mgahawani Wakati wa Janga

Ndugu mkazi wa Vingunguti, wengi wetu hatuli mlo wa mchana nyumbani. Mchukuzi wa machinjioni, fundi wa gereji, kibarua wa viwanda vya kando ya Barabara ya Nyerere na dereva wa bodaboda hula kwa mama lishe au mgahawani, kwa kuwa kazi haiwapi nafasi ya kurudi kwao. Kwa hiyo janga linapoingia mjini, shauri la kwamba kila mtu ale nyumbani kwake haliwafai wengi. Linalowezekana ni mlaji kujua anajikinga na nini, na ajikinge kwa namna gani. Hilo ndilo somo letu.

Maradhi mawili, njia mbili

Jiji hili limepita katika majanga mawili ndani ya miaka michache. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikianzia Wilaya ya Kinondoni, kisha kikaenea mikoani na Zanzibar. Hadi Aprili 2016 watu zaidi ya 24,000 walikuwa wameugua, na zaidi ya 370 walikuwa wamefariki dunia. Baadaye, tarehe 16 Machi 2020, Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini, aliyegundulika mkoani Arusha.

Maradhi hayo mawili hayapiti njia moja. Kipindupindu huingia kwa kinywa. Vimelea vyake hutoka katika kinyesi na matapishi ya mgonjwa, vikamfikia mtu mwingine kupitia maji, mikono, vyombo na chakula. UVIKO-19 huenea zaidi kwa pumzi, pale mgonjwa anapokohoa, anapozungumza au anapocheka karibu na wenzake.

Kiini cha somo ni hiki: kinga ya njia moja haizibi njia nyingine. Barakoa haimkingi mtu na kachumbari iliyooshwa kwa maji machafu. Na sabuni, hata ikiwa nyingi kiasi gani, haisafishi hewa ya chumba kilichofungwa. Mlaji mwenye busara hujiuliza kwanza: janga lililopo linapita wapi?

Fundisho la Guangzhou

Tarehe 24 Januari 2020, familia tatu zilikula chakula cha mchana katika mgahawa mmoja mjini Guangzhou, China. Ukumbi huo ulikuwa ghorofani, hauna madirisha, nao ulipozwa kwa kiyoyozi. Mlaji mmoja aliyetoka Wuhan alikuwa na virusi bila kujua. Siku zilizofuata, watu 10 wa familia hizo, yeye akiwamo, waligundulika kuwa wameugua. Wahudumu hawakuugua, wala walaji wengine 73 waliokuwa katika ukumbi huo.

Wataalamu waliochunguza tukio hilo waliona kwamba meza tatu za familia hizo zilikuwa katika mkondo mmoja wa upepo wa kiyoyozi, na kwamba walioambukizwa walikaa karibu na mgonjwa kwa takribani saa moja au zaidi. Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, kiyoyozi kinachozungusha hewa ile ile hakileti hewa safi. La pili, kadiri mtu anavyokaa muda mrefu mahali palipofungwa, ndivyo hatari inavyoongezeka. Tukumbuke pia kwamba mtu hawezi kula akiwa amevaa barakoa. Kwa hiyo mezani kinga yake ni mahali alipoketi, umbali na muda.

Kupima mahali pa kula

Sasa tupime migahawa yetu kwa kipimo hicho. Kibanda cha mama lishe kilicho wazi pande tatu, chini ya mwembe, kina hewa bora kuliko mgahawa wa vioo na kiyoyozi. Wakati wa maradhi ya njia ya hewa, kibanda ndicho chaguo jema, ilimradi walaji wasibanane benchi moja. Lakini kibanda hicho hicho huenda hakina bomba wala choo cha karibu, na hapo kipindupindu hupata mlango. Mgahawa mkubwa nao waweza kuwa na maji ya kutosha huku hewa yake ikiwa nzito. Hakuna mahali panapofaa kwa kila janga, na wingi wa bei si ushahidi wa usalama.

Penye maradhi ya hewa, keti karibu na mlango, dirisha au nje kabisa. Usikae uso kwa uso na usiyeishi naye. Kula, lipa, uondoke, na mazungumzo marefu yangojee barazani. Penye kipindupindu, tazama kwanza mahali pa kunawia, maji ya kunywa, na karai la kuoshea vyombo.

Mkono, maji na chakula

Mikono inawiwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda usiopungua sekunde 20, kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Ndoo yenye koki au kibuyu chirizi vyatosha. Birika linalomiminwa juu ya beseni ni desturi yetu njema, kwa sababu kila mtu hupata maji yake. Bakuli moja linalozungushwa mezani ili kila mmoja achovye vidole halifai, kwani wa mwisho hunawa uchafu wa waliomtangulia. Vitakasa mikono navyo havifanyi kazi ipasavyo juu ya mkono wenye mafuta ya nyama au vumbi. Hapo sabuni haina mbadala.

Kuhusu maji, tusisahau mazingira yetu. Nyakati za masika vyoo hufurika, na wako wanaovitapisha mvua inaponyesha. Uchafu huo huingia katika visima vifupi na katika Mto Msimbazi. Maji yanayoonekana meupe jaginini yaweza kuwa na vimelea. Kunywa yaliyochemshwa hadi kutokota, au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Barafu haiui vimelea; juisi ya ukwaju iliyochanganywa na maji yasiyo salama hubaki si salama hata ikiwa baridi. Kikombe kimoja kisizunguke kwa watu wote.

Kuhusu chakula, chagua kilichoiva vizuri na kinachotoka jikoni kikiwa cha moto. Supu inayochemka ina hatari ndogo. Wali uliopikwa asubuhi ukaachwa wazi hadi alasiri una hatari kubwa, kwa kuwa vimelea vya kipindupindu huzaliana katika chakula kilichopoa. Wakati wa mlipuko, acha kachumbari na matunda yaliyokwisha kumenywa. Nunua embe au ndizi nzima, uioshe na kuimenya mwenyewe.

Kumwuliza mpishi si kumtukana

Wapo wanaoona haya kuuliza. Lakini swali la heshima halimvunjii mtu hadhi: “Shikamoo mama, maji haya yamechemshwa?” au “Dada, naomba unipashie wali upate moto.” Mpishi anayejali usafi atajibu kwa furaha. Na mlaji naye awe mwungwana: asimwage maji ya kunawa ovyo, asilalamikie shilingi chache zinazoongezwa ili pawepo sabuni, wala asiharakishe sahani ambayo haijaoshwa vizuri.

Jambo hili ni zito kuliko mlo wa siku moja. Mlipuko unapotokea, mamlaka hulazimika kuzuia uuzaji wa vyakula mahali pa wazi. Jiko likizimwa, mpishi hupoteza riziki ya watoto wake, na kibarua hupoteza mlo wa bei anayoimudu. Mlaji anayesisitiza usafi humsaidia mama lishe abaki kazini.

Mlaji anapokuwa mgonjwa

Kinga ina pande mbili. Mwenye homa na kikohozi asiketi mezani na wenzake. Amtume mtu amletee chakula katika hotpoti au bakuli lenye mfuniko. Anayeharisha asile chungu kimoja na wengine, wala asishike chakula chao.

Kuharisha mfululizo majimaji yanayofanana na maji yaliyooshewa mchele ni dalili ya kipindupindu. Mgonjwa aanze mara moja kunywa dawa ya ORS, pakiti moja katika lita moja ya maji safi na salama, huku akipelekwa kituo cha afya bila kuchelewa. Ugonjwa huu waweza kuua ndani ya saa chache, lakini aliyewahi matibabu kwa kawaida hupona. Ukiona wagonjwa wa namna hiyo waliokula mahali pamoja, mjulishe Afisa Afya wa Kata au mwenyekiti wa mtaa wako, au piga simu bila malipo namba 199 ya Wizara ya Afya.

Maswali ya kujipima

1. Mahali unapokula kila siku, udhaifu wake ni wa maji au ni wa hewa?
2. Je, mikono hunawiwa kwa maji yanayotiririka, au huchovywa katika bakuli moja?
3. Wewe na walaji wenzako mnaweza kuchangia nini ili kibanda hicho kipate ndoo yenye koki na sabuni?

Maswali haya yajadiliwe nyumbani, kazini na katika mikutano ya mitaa yetu ya Kombo, Miembeni, Mtakuja na Mtambani. Swali la tatu lisisubiri mlipuko; ndoo iliyonunuliwa leo itamkuta mgonjwa wa kwanza ikiwa tayari na maji.