Bakuli la Mtoto: Kunyonya, Kula na Kukua Katika Mwaka wa Kwanza
Kijitabu kwa kaya za Nyanda za Juu Kusini

Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayolisha Tanzania. Mahindi yetu yanakwenda Dar es Salaam na kuvuka mipaka, viazi mviringo vinapakiwa malori kwa malori, parachichi za Njombe zinaliwa Ulaya. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulipopima watoto wenye umri chini ya miaka mitano, mikoa hii mitatu ndiyo iliyoongoza kwa udumavu: Iringa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Wastani wa nchi nzima ulikuwa 30.

Ukiwapanga watoto kumi wa Iringa, watano au sita ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Wengi wao hawajakonda. Wanacheza, mashavu yamejaa, wanashiba, na kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Mtoto aliyedumaa huonekana tu kama mtoto mdogo, mpaka asimame kando ya mwenzake aliyezaliwa mwezi uleule. Na kinachodumaa si mifupa peke yake. Ubongo nao unajengwa katika miezi hiyohiyo.

Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba ukoo wetu ni wa watu wafupi. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya ukuaji vinavyotumika leo kliniki, baada ya kufuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Marekani, Norwei na Oman. Watoto hao walinyonyeshwa vizuri na waliishi katika mazingira yanayofaa, na katika miaka mitano ya mwanzo walikua karibu sawa, Mghana na Mnorwei. Kwa hiyo kijiji kizima kikiwa na watoto wafupi, tusiusingizie ukoo. Tutazame walichokula mama na mtoto tangu mimba ilipotunga.

Kijitabu hiki kinahusu sehemu moja ya safari hiyo, mwaka wa kwanza, na zaidi kile kipindi kigumu kinachoanza mwezi wa sita.

Miezi sita ya maziwa ya mama pekee

Mtoto awekwe kwenye titi ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Yale maziwa ya mwanzo, ya njano na mazito, ambayo baadhi ya wazee walizoea kuyakamua na kuyamwaga, ndiyo kinga yake ya kwanza. Asikose hata tone.

Kuanzia hapo hadi atimize miezi sita, hahitaji kingine chochote: maji, uji, maji ya sukari, wala dawa ya mchango. Maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya asilimia 85, hivyo kiu yake inakatwa hata jua likiwaka. Anyonye kila anapotaka, usiku na mchana, kwa kawaida mara 8 hadi 12 kwa siku. Dawa alizoandikiwa na mhudumu wa afya apewe.

Hofu kubwa katika miezi hii ni kilio. Mtoto wa wiki tatu hadi sita hulia sana jioni, na bibi kwa huruma yake anasema maziwa hayamtoshi, apewe uji mwepesi. Bibi, tunaomba utusaidie hapa. Angalia nepi: mtoto anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku, na ambaye uzito wake unapanda kliniki, anashiba. Uji ukiingia tumboni, titi linanyonywa kidogo. Titi likinyonywa kidogo, maziwa yanapungua kweli, na wote mnaamini hofu ilikuwa sahihi. Kinachoongeza maziwa ni kunyonya mara nyingi zaidi.

Mama anayeishi na VVU naye hunyonyesha. Atumie dawa zake bila kuruka hata siku moja na ahudhurie kliniki ili mtoto apate dawa na vipimo vyake kwa wakati.

Katika siku chache za mwanzo mtoto hupungua uzito kidogo. Asikutishe, kwa kawaida ndani ya wiki mbili huwa ameurudisha. Aliyezaliwa na kilo 3 hufika karibu kilo 6 kwenye mwezi wa tano au wa sita, na karibu 9 anapotimiza mwaka. Urefu nao hutoka sentimita 50 hadi karibu 75. Hakuna mwaka mwingine wa maisha, baada ya kuzaliwa, ambao binadamu hukua kwa kasi hiyo.

Uji unaodanganya tumbo

Miezi sita ikitimia, maziwa peke yake hayatoshi tena. Madini ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo yanakaribia kwisha, na mwili unataka nguvu zaidi. Aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, lakini sasa bakuli liingie. Na hapa ndipo nyumba zenye magunia ya mahindi zinapompoteza mtoto.

Uji tunaompa ni mwepesi mno. Tunausukuma na maji ili usimkwame, au upite kwenye chuchu ya chupa, au ukae ndani ya chupa ya chai mpaka jioni. Sasa fikiria tumbo lake. Mtoto wa kilo 8 anaweza kubeba kama mililita 240 kwa mlo mmoja, ambazo ni karibu kikombe kimoja. Kikombe hicho kikijaa uji wa maji, atanyamaza, atalala, na utaamini ameshiba. Alichobeba ni maji yaliyopakwa unga. Akinywa vikombe vitatu vya namna hiyo kwa siku, mwili unabaki na njaa ambayo mtoto hajui kuisema.

Pima uji kwa kijiko. Chota, kisha ukiinamishe. Uji unaofaa hubaki kijikoni, halafu unadondoka taratibu kwa bonge. Ukimwagika mara moja, rudisha sufuria jikoni uongeze unga. Mtoto wa miezi sita anaweza kuumeza uji mzito laini. Ulimi wake unajifunza ndani ya siku chache. Akitema siku ya kwanza si kwamba amekataa. Ladha ni mpya kwake, jaribu tena kesho, na keshokutwa.

Anza na vijiko viwili au vitatu vya chakula, mara mbili kwa siku, ukipanda polepole. Kati ya miezi 6 na 8 afikie nusu kikombe cha robo lita, mara mbili hadi tatu kwa siku. Kati ya miezi 9 na 11 ale nusu hadi robo tatu ya kikombe, mara tatu hadi nne, na katikati apewe kitu cha kushika mkononi: kipande cha ndizi mbivu, kiazi kilichochemshwa, parachichi. Awe na bakuli lake mwenyewe. Mtoto anayekula sahani moja na kaka zake hawezi kushindana nao, na wewe hutajua amekula kiasi gani.

Chupa ya kunyonyeshea tunaikataa kabisa kwa mazingira ya nyumba zetu. Chuchu yake haisafishiki vizuri kwa maji ya ndoo, na kuhara kunakofuata huondoa kila kilo aliyopata. Kikombe na kijiko vinatosha.

Kimea

Wapo watoto ambao uji mzito huwashinda kwa siku za mwanzo, au wanapougua. Kwao kuna ufundi wa siku nyingi ambao bibi zetu waliutumia kutengeneza togwa, na ambao wataalamu wa lishe wa Tanzania waliuchunguza na kuufundisha tangu miaka ya 1980. Ni kimea cha ulezi.

Chambua ulezi, uoshe, uloweke usiku kucha. Asubuhi chuja, tandaza kwenye kitambaa safi chenye unyevu, funika, nyunyiza maji kidogo asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili au tatu vichipukizi vyeupe vitatokeza. Anika juani mpaka vikauke kabisa, fikicha kuondoa mizizi, kisha saga na uhifadhi mahali pakavu. Tumia ulezi, usitumie mtama, kwa kuwa mtama unapochipua hutengeneza sumu.

Pika uji mzito kupita kiasi, unaokaribia ugali laini. Epua, uache upoe hadi uwe vuguvugu, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea na ukoroge. Uji ule uliokuwa unashika mwiko utaanza kulegea mbele ya macho yako ndani ya dakika chache, bila tone la maji kuongezwa. Urudishe motoni uchemke tena ndipo umpe. Unga wote uliouweka bado umo bakulini, na mtoto anaumeza kwa urahisi.

Kinachoingia pamoja na uji

Uji wa mahindi matupu, hata ukiwa mzito, hauna vya kutosha vya kujenga mwili. Kila mlo uongezewe kitu: dagaa wa ziwani waliochambuliwa vichwa na kusagwa, yai lililoiva vizuri, maziwa yaliyochemshwa, maharage yaliyopondwa na kuondolewa maganda, karanga zilizosagwa laini, kijiko cha chai cha mafuta. Mboga za majani zikatwe ndogo na zipikwe kwa muda mfupi. Maini au nyama iliyosagwa, hata mara chache kwa wiki, inarudisha madini ya chuma kuliko kitu kingine chochote ulicho nacho. Chai ya rangi inazuia madini hayo yasiingie mwilini, kwa hiyo isikae kwenye kikombe cha mtoto.

Tunajua mayai yanauzwa barabarani na parachichi zinakwenda kwa mnunuzi, kwa sababu ada na mbolea vinataka fedha. Ombi letu ni dogo: kabla trei halijatoka nyumbani, mayai ya mtoto ya wiki hiyo yatengwe. Baba ndiye mara nyingi anayelipeleka trei hilo sokoni, kwa hiyo ombi hili ni lake kwanza.

Kuhusu unga wa lishe wenye mchanganyiko wa nafaka nne, soya na karanga, hatuushabikii. Nafaka nne hazimpi mtoto kitu ambacho nafaka moja nzuri na yai haviwezi kumpa, na karanga zilizosagwa mapema huchacha na kubeba sumukuvu. Saga nafaka peke yake. Karanga ziongezwe siku ya kupika. Na chambua mahindi na karanga kwa macho yako, punje moja moja, utupe zenye ukungu au rangi isiyo ya kawaida. Sumukuvu haifi kwa kuchemshwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba vimelea vinavyopooza mwili wa mtoto mchanga. Maziwa ya ng'ombe yachanganywe kwenye chakula, yasichukue nafasi ya titi. Soda na biskuti hazina kazi hapa. Ulanzi na pombe nyingine yoyote asionjeshwe hata kwa ncha ya kidole.

Nani anamlisha?

Mvua zikianza, mama anatoka alfajiri kwenda shamba na kurudi jioni, mgongoni kuna kuni. Mtoto amebaki na dada yake wa miaka saba na chupa ya uji uliopikwa asubuhi. Tunaweza kumfundisha mama huyu kila kitu kuhusu dagaa na kimea, na mtoto akadumaa vilevile, kwa sababu kinachokosekana hapo ni mikono. Kulisha mtoto mdogo kunataka mtu mzima aliyekaa chini kwa nusu saa, anayemtazama usoni, anayengoja ameze. Mtu huyo anaweza kuwa baba. Anaweza kuwa mama mkwe, aliyeachiwa kuni na maji na wengine ili yeye akae na mjukuu.

Mama akienda mbali, akamue maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko, yakae mahali penye ubaridi, na mtoto apewe kwa kikombe ndani ya saa nne tangu yalipokamuliwa.

Asilishwe kwa nguvu. Kumlaza mtoto mapajani, kumziba kwa kiganja na kummiminia uji kunaweza kuupeleka kwenye mapafu, na kunamfundisha kuogopa bakuli. Akigeuza kichwa, pumzika, zungumza naye, umpe tena.

Mizani, ubao na ugonjwa

Miaka ya 1980 mkoa wa Iringa ulijulikana duniani kwa jambo moja: watoto walipimwa uzito palepale kijijini, na matokeo yakajadiliwa na kamati ya kijiji kama yanavyojadiliwa mavuno. Kazi hiyo iendelee. Mpeleke mtoto kliniki kila mwezi hata kama ni mzima, na uombe uoneshwe mstari kwenye kadi. Mstari unaopanda ni mzuri. Ukilala, uliza siku hiyohiyo, usingoje ushuke. Omba pia apimwe urefu kwenye ubao, kwa sababu mizani peke yake haioneshi udumavu. Kuanzia miezi sita apate matone ya vitamini A, na akifika miezi tisa apate chanjo ya surua na rubela.

Anapoharisha, aendelee kunyonya na kula, apewe maji ya chumvichumvi ya ORS na vidonge vya zinki. Akipona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili ili arudishe alichopoteza. Mkimbize kituo cha afya bila kungoja asubuhi ikiwa hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, analegea au hazinduki, anapumua kwa shida, miguu yote miwili imevimba, au utepe wa kupimia mkono umesoma rangi nyekundu.