Mas-ala ya Kuwachanja Watoto, na Shaka za Mababa

Katika mambo yazushayo maneno majumbani mwa watu wa pwani, tangu Moa na Mkinga hata Tongoni na Pangani, ni hili la kumpeleka mtoto akachanjwe. Aghlabu mama huwa tayari, na kadi ya kiliniki ameishika mkononi, bali baba husema, "Ngoja kwanza." Na ngoja hiyo yaweza kuwa ya siku tatu, tena yaweza kuwa ya miaka mitatu. Na kwa kuwa baba ndiye walii wa mtoto, na neno lake ndilo lipitalo nyumbani, yapasa shaka zake zitazamwe moja moja, zisidharauliwe, wala zisiachwe zikawa ndizo hoja. Kwani mtoto si mali ya baba afanye atakavyo. Ni amana, na mwenye kupewa amana huulizwa aliyoyatenda na aliyoyaacha.

Shaka ya kwanza ni ya tawakali. Husema mtu: ajali imekwisha kuandikwa, na maradhi ni kadari, sindano itazuia nini? Shaka hii si mpya, wala jawabu yake si mpya. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipokuwa akienda Sham, karibu na mwaka wa 18 wa Hijra, alifika mahali paitwapo Sargh, akalakiwa na majemadari wakampa khabari ya kuwa tauni imeingia katika nchi. Akataka shauri kwa Muhajirina, kisha kwa Ansari, nao wakakhitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakawa kauli moja ya kuwa arejee na watu wake. Alipotoa amri ya kurejea, Abu Ubayda bin Jarrah (R.A.) alimwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akajibiwa kwa maana hii: kwamba atokako mtu ni katika kadari, na aendako ni katika kadari vile vile, akapigiwa na mfano wa mchunga ngamia ashukaye bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mmoja mkavu, naye popote alishapo yumo katika kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.), ambaye hakuwapo, akaeleza aliyoyasikia kwa Bwana Mtume (S.A.W.), ya kuwa watu wasiingie katika nchi yenye tauni, wala waliomo wasitoke kwa kuikimbia. Basi kinga ilitendwa na watu walioijua kadari kuliko wote wakaao barazani leo.

Shaka ya pili ni kuwa jambo hili ni la kigeni. Lakini neno lenyewe, kuchanja, ni la kale. Waganga wa pwani waliwachanja watu chale tangu zamani, wakapaka ndani unga ambao mwenye mwili haujui. Na mpaka leo wako mababa wamwachiao mganga mwili wa mtoto bila ya kuuliza neno, kisha wakamwuliza mwuguzi maswali kumi. Maswali ni mema. Ila yangeulizwa pande zote mbili.

Tena asili ya chanjo ya ndui haikuanza kwa Wazungu peke yao. Mwaka 1718, katika mji wa Istanbul, mke wa balozi wa Kiingereza, jina lake Lady Mary Wortley Montagu, aliona watu wa huko wakiwatia watoto usaha kidogo wa ndui katika mchanjo, ili waugue kwa wepesi wapate kukingika. Akamtia mwanawe, na mwaka 1721 akamtia binti yake mjini London. Njia hiyo ilikuwa na khatari yake, kwani ndui iliyotiwa ilikuwa ndui ya kweli. Hata mwaka 1796 tabibu Edward Jenner akaonyesha ya kuwa maradhi mepesi yapatikanayo kwa ng'ombe hukinga ndui ya watu. Na hivi ndivyo zifanyavyo kazi chanjo zote: mwili huonyeshwa adui aliyekwisha kudhoofishwa, au kipande chake tu, ukajifunza kumtambua kabla hajaja mwenye nguvu.

Na mwisho wa ndui ulikuwa katika pwani ya Waislamu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1977, mjini Merca katika Somalia, mpishi wa hospitali jina lake Ali Maow Maalin aliingia katika gari lililochukua watoto wawili wenye ndui, ili amwonyeshe dereva njia. Safari ilikuwa fupi. Yeye hakuwa amechanjwa, ijapokuwa alikuwa akifanya kazi hospitalini, kwa sababu aliogopa maumivu ya sindano. Akaugua, akapona, na akawa ndiye mtu wa mwisho duniani aliyepata ndui kwa njia yake ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa maradhi hayo yametoweka. Maalin baadaye alizunguka katika nchi yake akiwaeleza wazazi khabari yake mwenyewe, ili wakubali watoto wao wapewe chanjo ya polio. Na katika kazi hiyo ndimo alimofia mwaka 2013, kwa malaria.

Shaka ya tatu ni ya najisi, nayo ndiyo yenye haki kubwa ya kujibiwa kwa elimu. Chanjo nyingi apewazo mtoto hazina gelatini kabisa, kama matone ya polio na ile ya kifua kikuu. Lakini ziko baadhi za surua zitiwazo gelatini ili zisiharibike, na gelatini yaweza kutokana na nguruwe. Mwaka 1995 walikutana Kuwait wanavyuoni na matabibu zaidi ya mia, wakasema kuwa kitu najisi kikigeuka asili yake kikawa kitu kingine, hukumu yake hugeuka pia. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, mlango huo ni mwembamba: mvinyo uliogeuka siki wenyewe, na ngozi iliyodibaghiwa, isiyokuwa ya mbwa wala nguruwe. Basi Mshafi asiyeridhika na kauli ya Kuwait asilaumiwe. Hata hivyo wanavyuoni wa madhehebu hiyo hiyo wamejuzisha kujitibu kwa najisi isiyokuwa kileo, pasipopatikana kilicho tahiri chenye kufaa, na tabibu mwenye kuaminika akathibitisha. Na hivi ndivyo lilivyopita Baraza la Wanavyuoni wa Indonesia mwaka 2018: lilisema wazi ya kuwa chanjo ya surua na rubela itokayo India imetumia asili ya nguruwe na ni haramu kwa asili yake, kisha likaruhusu itumiwe kwa dharura, kwa kuwa iliyo halali haijapatikana na madhara ya kuiacha yamebainika. Njia hiyo ni ya uaminifu. Haikuficha kitu, wala haikuwaacha watoto.

Shaka ya nne ni ya kuwa sindano hukata uzazi. Khofu hii ina ukoo wake. Wazee wa pwani walizungumza mumiani, yule anyonyaye damu za watu ili zifanywe dawa, na maneno hayo yalienea zama za serikali za kigeni, ambazo hazikuwa na dasturi ya kumwuliza raia. Khofu ya mtu asiyeulizwa si upumbavu mtupu. Lakini khofu si ushahidi, na iliko kwenda imejulikana. Mwaka 2003 majimbo kadha ya kaskazini ya Nigeria, Kano ikiwa mbele, yalisimamisha chanjo ya polio kwa kusikia kuwa imetiwa dawa ya kuwafanya wasichana tasa. Kano ilikaa karibu miezi kumi na moja, hata ikakubali mwaka 2004 kwa kuletewa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Katika muda huo waliopooza katika Nigeria walitoka watoto 355 mwaka 2003 wakafika 782 mwaka 2004. Na maradhi hayakukaa Kano. Yalipita Sudan, yakaingia Saudia. Mwaka 2005 yakapooza watoto zaidi ya 400 katika Yemen, na kama 300 katika Indonesia yenyewe, ambayo ndiyo iliyowapelekea dawa.

Ajabu ni kuwa mtu aweza kuyasema hayo ya sindano naye ni Alhaji. Kwani haendi mtu Hija ila amechanjwa homa ya uti wa mgongo, tangu maradhi hayo yalipowapata mahujaji mwaka 1987. Naye hunyosha mkono wake bila ya neno, akaitunza karatasi ya ushahidi pamoja na pasi yake.

Iko na shaka nyingine isikikayo khasa katika jimbo la Tanga: je, watoto wa hapa ni wa kujaribiwa? Jawabu ni kuwa majaribio yalikuwako, na hayakuwa siri. Tangu 2009 hata 2014 watoto wa Korogwe walikuwa miongoni mwa 15,459 wa nchi saba za Afrika waliojaribiwa chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, na wa Bagamoyo pia walikuwamo. Wazazi wao walielezwa, wakakhiari, wakatia saini au alama ya dole. Na mzazi aliyekataa alikuwa na haki yake. Ikaonekana kuwa watoto wa umri wa miezi 5 hata 17 waliopata dozi nne, malaria iliwapungukia kwa kadiri ya mafungu 36 katika 100, na khabari hiyo ikatangazwa hivyo hivyo bila ya kupambwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Hilo lilikuwa jaribio, na mzazi alijua kuwa ni jaribio. Ama chanjo ya surua ilianza kutumika mwaka 1963, na mpango wa taifa wa chanjo katika Tanzania ni wa tangu 1975. Waliochanjwa wakati huo leo wana wajukuu.

Wala haifai kumwambia baba kuwa sindano haina dhara lolote. Homa ya siku moja au mbili ni ya kawaida, na mahali palipodungwa huvimba. Degedege la homa humpata mtoto mmoja katika maelfu. Matone ya polio, kwa nadra sana, yameweza kumpooza mtoto, kiasi cha mmoja katika dozi milioni kadha. Mwenye kupima na aweke na upande wa pili wa mizani: surua huleta uvimbe wa ubongo kwa mgonjwa mmoja katika kila elfu, hupofua macho ya mtoto asiyelishwa vizuri, na mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza watu 12 hata 18 wasiokuwa na kinga.

Hapa ndipo mas-ala yanapotoka nyumbani kwa baba yakaingia kwa jirani. Chanjo ya surua hutolewa mtoto afikapo miezi 9, kisha 18. Mtoto wa jirani mwenye miezi saba hana kinga yake mwenyewe, na ile aliyoipata kwa mama imekwisha kupungua; kinga yake ni watoto wakubwa wanaomzunguka. Baba amzuiaye mwanawe amekata shauri na kwa ajili ya mtoto huyo, ambaye si wake. Majma ya Fikihi ya Kiislamu ilipokutana Jidda mwaka 1992 ilisema kuwa kujitibu huwa wajibu pale ambapo kuacha kutaangamiza nafsi au kiungo, au maradhi yatawaambukiza wengine.

Kwa baba aliyekwisha kuchelewa, mlango haukufungwa. Na aichukue kadi, aende mwenyewe pamoja na mama, amwambie mwuguzi zilizopita na zilizokosekana: ya kifua kikuu na matone ya polio za kuzaliwa, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambazo ndani yake mna dondakoo, kifaduro na pepopunda, na zile mbili za surua. Si lazima kuanza upya. Huendelezwa pale zilipoachwa. Mtoto mwenye mafua au homa ndogo huchanjwa. Aliye mgonjwa sana husubirishwa. Na ikiwa aliwahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya sindano, hilo lisemwe kabla mkono haujapakwa spiriti.