KUONA NDANI YA MWILI BILA KUPASUA: NI ZAMU YA NANI?

 

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapendwa, familia zetu hapa Dodoma huwa na ombi moja: mama au binti akienda kupigwa altrasaundi, apimwe na mwanamke. Ombi hili ni zuri, kwani dini yetu imetufundisha sitara. Lakini tujiulize: huyo mwanamke atatoka wapi, ikiwa binti zetu tunawaambia kuwa fizikia si somo lao? Kabla ya kujibu, tutazame elimu hii ilivyopatikana.

1. CHUMBA CHENYE GIZA

Al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraq, yapata mwaka 354 Hijria (965), na kufariki Cairo yapata mwaka 430 Hijria (1040). Kabla yake walikuwepo wanafalsafa waliosema kwamba jicho ndilo linalotoa miali na kuipeleka kwenye vitu. Yeye, katika kitabu chake Kitab al-Manazir, alieleza kuwa mwanga hutoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Kisha akathibitisha mwendo wa mwanga kwa majaribio. Taa kadhaa ziliwekwa mbele ya tundu dogo la chumba chenye giza, na kila taa ikatoa doa lake ukutani. Taa moja ilipozibwa, lilitoweka doa lake tu. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi.

2. MIONZI ISIYOJULIKANA

Tarehe 8 Novemba 1895, huko Würzburg, Ujerumani, Profesa Wilhelm Röntgen naye alikuwa katika chumba chenye giza. Alipitisha umeme katika chupa iliyoondolewa hewa na kufunikwa kwa karatasi nyeusi. Kibao kilichopakwa kemikali, kilichokuwa pembeni, kikang'aa. Basi ilikuwepo mionzi isiyoonekana, inayopenya karatasi. Akaiita X, herufi wanayotumia wanahesabu kwa kitu wasichokijua. Hakukimbilia kutangaza, bali alirudia majaribio kwa wiki kadhaa. Tarehe 22 Desemba akapiga picha mkono wa mkewe, Anna Bertha, ikaonekana mifupa na pete. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia. Ugunduzi huo hakuuwekea haki miliki, ili watu wote wanufaike.

Mionzi hiyo ina madhara pia. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, aliijaribia kwenye mikono yake mwenyewe. Mikono iliungua hadi ikakatwa, naye akafariki mwaka 1904. Ndiyo maana mpiga eksirei hukaa nyuma ya kinga, na mama mjamzito hutakiwa kusema hali yake kabla ya kupigwa picha. Hapa kwetu Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ndiyo inayosimamia matumizi ya mionzi.

3. WALIOPOKEA KIJITI

(a) Marie Curie. Katika Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918) aliandaa magari yenye mitambo ya eksirei nchini Ufaransa, akawafundisha wanawake wapatao 150 kuitumia.

(b) Ian Donald wa Glasgow. Mwaka 1958 yeye na wenzake walichapisha picha zilizopatikana kwa mawimbi ya sauti tusiyoweza kuisikia. Walianzia kwenye kifaa cha viwandani cha kutafutia nyufa katika chuma. Hiyo ndiyo altrasaundi, nayo haitumii mionzi.

(c) Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Mwaka 1956 alifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Alitafuta hesabu za kuunganisha eksirei nyingi zilizopigwa kutoka pande mbalimbali. Alizichapisha mwaka 1963 na 1964, na wachache tu walizijali. Mwingereza Godfrey Hounsfield akafika huko kwa njia yake, na tarehe 1 Oktoba 1971 mashine yake ya CT ilimpima mgonjwa wa kwanza London. Wote wawili walitunukiwa Nobel mwaka 1979.

(d) Paul Lauterbur na Peter Mansfield. Walipata Nobel mwaka 2003 kwa kazi yao juu ya MRI, inayotumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio.

4. HAPA KWETU

Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ilifunguliwa mwaka 2015, na vipimo vya CT na MRI vinapatikana hapo. Mgonjwa wa Kondoa au Mpwapwa halazimiki tena kuvifuata Dar es Salaam. Lakini mashine haijiendeshi. Anahitajika mtu wa kumlaza mgonjwa vizuri, kupima kiasi cha mionzi, kuisoma picha kwa uaminifu na kutunza siri. Hiyo yote ni amana.

Imamu al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria) aliihesabu elimu ya tiba kuwa ni faradhi kifaya katika Ihya Ulumiddin. Alilalamika kwamba watu wa zama zake wanajazana katika fiqhi, na miji inakosa tabibu Mwislamu. Faradhi kifaya isipotekelezwa na yeyote, lawama ni yetu sote. Anayetaka bintiye apimwe na mwanamke, basi na amsomeshe binti wa kupima wenzake.

Enyi wanafunzi, wa kike na wa kiume, shikeni Qur'ani, na wala msiliache daftari la fizikia, kemia na baiolojia. Na wazazi, msingoje maradhi yazidi ndipo mwende hospitali, kwani kuilinda nafsi ni katika makusudio ya sheria yetu.

ZOEZI

1. Ibn al-Haytham alithibitisha nini alipoziba taa moja?
2. Taja vipimo viwili visivyotumia mionzi.
3. Eleza maana ya faradhi kifaya, kisha muulize mzazi wako: katika mtaa wetu, ni elimu gani ya faradhi kifaya bado haina mtu?