Michezo ya Watoto Wadogo na Akili Zao



Katika somo hili twataka kuwakumbusha wazazi na waalimu jambo linalodharauliwa na wengi, yaani michezo ya watoto wadogo. Wako wasemao ya kuwa mchezo ni uvivu, na ya kuwa mtoto mwema ni yule aketiye kimya. Haya, na tulipime neno hili.

Siku moja tulikwenda kumzuru Mkristo mmoja, mtu mwenye bidii katika usharika wake. Nyuma ya nyumba tukamkuta mwanawe, mtoto wa miaka mitano hivi. Amefinyanga ng'ombe saba wa udongo, amewajengea zizi la vijiti. Sita walikuwa zizini, na mmoja alikuwa mbali, chini ya mgomba. Tukamwuliza, “Mbona huyu yuko nje?” Akajibu, “Amepotea. Mwenyewe yuaja kumtafuta.” Mara baba yake akatokea, akawaponda wote kwa mguu, akasema, “Acha upuzi huu, kajifunze!” Nasi kwa kumstahi mwenyeji wetu hatukusema neno. Kumbe mtoto yule alikuwa katika kujifunza hasa! Habari ya kondoo aliyepotea (Luka 15) ilikuwa mikononi mwake, wala baba hakuitambua. Twaandika haya leo kwa kuwa siku ile tulinyamaza.

Neno la Mungu halichukii mchezo. Nabii Zekaria anapotabiri heri ya Yerusalemu, awataja wazee wenye mikongojo, kisha awataja wavulana na wasichana wakicheza katika njia za mji (Zek. 8:4-5). Bwana wetu naye aliwatazama watoto wakicheza sokoni, akatwaa mfano kwao (Mt. 11:16-17).

Tena tumkumbuke Dakta Martin Luther. Mwaka 1526, katika kitabu chake cha Misa ya Kijerumani, aliandika jinsi ya kuwafundisha watoto nyumbani. Hakutaka wayashike maneno kwa moyo tu, bali waulizwe neno kwa neno, wajibu maana yake. Akatoa shauri la mchezo: mtoto awaze ya kuwa ana mifuko miwili, mmoja wa imani na mmoja wa upendo, na kila mfuko una vijaluba viwili. Akisikia neno la Maandiko, atambue ni la mfuko upi, alitie humo kama mtu atiavyo fedha. Luther alionya mtu asijione mwenye hekima mno hata akaudharau mchezo huu wa kitoto. Kwani Kristo alipotaka kuwavuta wanadamu alifanyika mwanadamu, nasi tukitaka kuwalea watoto yatupasa kuwa watoto pamoja nao.

Tena alikuwako Friedrich Fröbel, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1782, mwana wa mchungaji wa Kilutheri. Alifiwa na mama yake kabla hajatimiza mwaka mmoja. Mwaka 1837 alianza kazi ya watoto wadogo mjini Blankenburg, na mwaka 1840 akaiita kazi hiyo “bustani ya watoto”. Vyombo vyake vilikuwa vyepesi: mipira ya sufu yenye uzi, na mchemraba wa mti uliokatwa vipande 8, ambavyo mtoto huvitenga na kuviunga tena, mara kiti, mara daraja, mara nyumba. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani hizo, na marufuku hiyo haikuondolewa hata mwaka 1860, naye Fröbel alikwisha kufa mwaka 1852. Lakini kazi yake haikufa; imeenea duniani pote.

Basi, tusiseme ya kuwa hatuna fedha ya vyombo. Michezo ifuatayo haina gharama.

1. Kilichopotea. Weka vitu vitano juu ya mkeka: punje ya hindi, jiwe, jani, ufunguo, uzi. Watoto wavitazame, kisha uvifunike kwa nguo na kuondoa kimoja kwa siri. Funua, uulize ni kipi kisichokuwapo. Wakizoea, ongeza vitu. Hapo hujifunza kuangalia na kukumbuka.

2. Kutenga. Changanya maharagwe, kunde na mahindi, mtoto azitenge. Kisha mwulize, “Waweza kuzitenga kwa njia nyingine?” Labda atazitenga kwa rangi, labda kwa ukubwa. Usimwambie upesi, mwache afikiri.

3. Mdako. Vijiwe huwekwa katika kishimo. Mtoto hurusha kimoja juu, na kabla hakijashuka huvikokota vingine nje, akakidaka. Akirusha tena, huvirudisha vyote ila kimoja. Mkono hupata wepesi, na hesabu huingia bila fimbo.

4. Vitendawili. Mmoja akisema “Kitendawili!” wengine huitika “Tega!” Asemaye “Nyumba yangu haina mlango” amlazimisha mwenziwe kuliona yai kama nyumba. Mtoto aliyezoea hivi hatashindwa kufahamu mifano ya Bwana. Tena waambie watoto watunge vyao wenyewe.

5. Kuigiza. Baada ya hadithi ya Msamaria mwema, mmoja awe msafiri, mmoja kuhani, mmoja Mlawi, mmoja Msamaria. Kisha mwulize aliyelala njiani, “Moyo wako ulisikiaje walipokupita?” Jibu lake litakuwa somo kwako pia.

Lakini angalieni haya. Mchezo usimdhihaki kilema wala maskini. Vijiwe na punje visiwe karibu na mtoto mchanga atiaye kila kitu kinywani. Wala mkubwa asiutawale mchezo hata ukawa amri. Apaswa kuuliza kuliko kujibu. Kazi ya nyumbani nayo isiachwe, kwani kila jambo lina saa yake.

Maswali ya kuzungumza katika usharika:
Je, watoto wetu waweza kueleza maana ya yale wayasemayo kwa moyo?
Mchezo gani wa wazee wetu umesahauliwa hapa kwetu, nao wafaa kurudishwa?
Ukimkuta mwanao na ng'ombe wa udongo, utamwuliza neno gani la kwanza?

Sisi tuliomwona yule mtoto twawasihi: kabla ya kuinua mguu, inameni kwanza, mwulize.