Mafao ya ulemavu Marekani: sema usichoweza, na ukinyimwa usianze upya

Daktari akikuuliza hali, jibu la kwanza kukutoka ni "nzuri tu, namshukuru Mungu." Ndivyo tulivyolelewa: mtu hamwagi shida zake mlangoni. Lakini daktari wa Marekani huandika anachoambiwa, na ile "nzuri tu" huingia kwenye faili kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Miezi kadhaa baadaye huisoma mtu ambaye hajawahi kukutia machoni, naye ndiye anayeamua kama utapata mafao ya ulemavu au hupati. Kwa maoni yangu, kesi nyingi huharibikia kliniki, kabla fomu haijaguswa. Kwa hiyo salimia, shukuru, kisha sema: usiku silali kwa maumivu, ngazi sipandi, dawa hii inanilevya mpaka mchana.

Halafu jua unaomba nini, maana mafao haya ni ya aina mbili. SSDI ni ya aliyefanya kazi miaka ya kutosha huku akikatwa kodi ya Social Security (hifadhi ya jamii) kwenye mshahara. SSI ni ya mwenye kipato kidogo, hata kama hajawahi kuajiriwa, mradi akiba na mali yake inayohesabiwa haizidi dola 2,000. Nyumba anayoishi na gari moja havihesabiwi. Mwaka 2025 kiwango cha juu cha SSI kutoka serikali kuu kilikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Unaweza kuomba zote mbili kwa pamoja. Aliyeingia kama mkimbizi akumbuke kwamba kwa kawaida SSI yake hukoma baada ya miaka 7 kama bado hajawa raia. Ikiwa ulemavu wenyewe ndio unaomzuia kujifunza Kiingereza na maswali ya uraia, daktari anaweza kumjazia fomu N-648 ili aombe kusamehewe mtihani.

Sheria ya mafao haya haina ulemavu nusu. Lazima maradhi yakuzuie kufanya kazi ya kukupatia kipato cha maana, si ile ya zamani tu bali hata nyingine nyepesi, na yawe yamedumu au yatarajiwe kudumu angalau miezi 12, au yawe ya kukatisha maisha. Jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Kisukari wanacho wengi wanaokwenda kazini kila asubuhi. Kinachotazamwa ni ugonjwa huo umekunyang'anya nini.

Hapo ndipo fomu ya shughuli za kila siku, SSA-3373, inapostahili jioni nzima ya kuketi nayo. Chukua mama aliyekuwa akikata kuku kiwandani mpaka vidole vikafa ganzi. Fomu inamuuliza: unapika? Akijaza "ndiyo", imeandikwa kwamba mikono yake ni mizima. Ukweli wake ni huu: "Nabandika maji, mwanangu ndiye anayesonga ugali. Sufuria ikishajaa siinui. Kisu huniponyoka, kwa hiyo nanunua mboga zilizokwisha kukatwa. Nikitoka jikoni nalala kama saa moja." Hajatia chumvi hata punje, na msomaji wa faili sasa anaiona mikono yenyewe. Tabia ya kujikaza ni njema msibani na shambani. Kwenye fomu hii inakunyima haki yako.

Lugha isikuzuie. Ofisi za Social Security hutoa mkalimani bure, Kiswahili kikiwamo. Mwombe unapopiga 1-800-772-1213. Usimtumie mwanao wa darasa la sita, kwani yapo mambo ya mwili hutayasema mbele yake. Ila usitegemee hoja kwamba hujui Kiingereza: tangu Aprili 2020 kanuni hazikihesabu tena kuwa kigezo cha elimu. Umri na kiwango cha shule uliyosoma bado vinahesabiwa, hasa ukishafika miaka 50.

Waombaji wengi hunyimwa mara ya kwanza. Barua ikija, tazama tarehe yake kabla ya kitu kingine. Una siku 60 za kukata rufaa tangu uipokee, na Social Security huchukulia kuwa uliipokea siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Wengi hapa hutupa barua na kujaza ombi jipya, na hilo huwaponza. SSI huanza kuhesabiwa mwezi unaofuata ombi, hivyo ukianza upya umeyaacha malimbikizo ya miezi yote iliyopita. Kata rufaa badala yake: fomu SSA-561 pamoja na SSA-3441, kwa mtandao au mkononi, na ukipeleka mwenyewe omba nakala iliyogongwa mhuri. Taja kila kliniki na kila dawa mpya. Kama ulikuwa tayari unalipwa, kisha wakasema umepona, haraka ni kubwa zaidi: ndani ya siku 10 za kupokea barua, omba malipo yaendelee wakati rufaa inasikilizwa, ukijua kwamba ukishindwa unaweza kudaiwa.

Rufaa hiyo ya kwanza ikigonga mwamba, hatua inayofuata ni jaji. Hapo ndipo mtu husikilizwa hasa, kwa hiyo usiishie njiani. Ushahidi mpya uwasilishwe, au angalau utajwe kwa maandishi, siku 5 za kazi kabla ya kikao. Huwapo pia mtaalamu wa ajira, anayeulizwa kama mtu mwenye mipaka kama yako angepata kazi. Akitaja kazi za kukaa kitini, wewe au wakili wako muulize: na mtu huyo akikosa kazini siku mbili au tatu kila mwezi kwa ugonjwa? Mara nyingi jibu hugeuka. Jaji akikataa, bado lipo Baraza la Rufaa, na baada yake mahakama ya shirikisho.

Wakili kwa kawaida hulipwa ukishinda tu: robo ya malimbikizo, kwa kikomo kilichowekwa kuwa dola 9,200 mwishoni mwa 2024. Gharama ndogo kama za kutoa nakala anaweza kukudai hata ukishindwa, basi muulize kabla ya kusaini. Na ukihama nyumba kabla kesi haijaisha, wape anwani mpya wiki hiyo hiyo. Wito wa jaji huja kwa posta, na asiyefika bila sababu nzuri huweza kufutiwa rufaa yake.